Nimweke au Nimtoe

Kitanda chao kilichongwa na seremala kwa vipimo vya mumewe, maana hakuna duka lililouza kitanda cha mtu wa urefu ule. Kila klabu mpya ilipomchukua, kitanda kilifunguliwa, kikapakiwa, kikaenda kuungwa upya kwenye nyumba nyingine ya kupanga, na kila kilipoungwa kilizidi kulegea. Mama Pacha alikuwa amekizoea. Alijua skrubu ipi imeisha meno na ipi inataka kipande cha kadibodi ili ishike. Kilichomshinda kukizoea ni asubuhi, pale mumewe alipojaribu kushuka.

Watu walimwita Mnara. Alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa tangu pacha wao hawajazaliwa, na sasa pacha hao, wasichana wawili waliorithi miguu ya baba na mdomo wa mama, walikuwa shule ya bweni, na kila likizo walirudi sketi zimewapanda magotini. Kazi ya Mnara uwanjani ilikuwa moja, na aliijua kuliko wote: mpira ukikosa kikapu na kudunda kwenye ubao, yeye awe wa kwanza kuruka na kuudaka. Ribaundi, ndivyo wanavyoita. Kwa misimu mingi hakuna aliyemkaribia kwa ribaundi katika ligi nzima. Lakini kila anayeruka hana budi kutua, na aliyebeba mzigo wa kutua kwa miaka yote hiyo ni goti la kulia.

Asubuhi goti hilo halikukunjika. Mnara alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika paja kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha mzigo usio wake, akaushusha mguu sakafuni, kisha akangoja. Mama Pacha, ameshavaa sare ya kazi, alijifanya anatafuta kitu kabatini ili asimtazame. Halafu alileta maji ya moto na taulo, akapiga magoti, akamkanda. Hawakusemezana. Mgeni angewakuta hivyo angedhani wameamka wamegombana.

Klabuni hawakujua. Mkataba ulikuwa unaisha pamoja na msimu, na uongozi ulikuwa umeanza kuzungumza naye habari za miaka miwili mingine. Kwa umri wake hiyo ilikuwa bahati ya mtende. Hakuna klabu nyingine ambayo ingemtupia jicho. Basi Mnara alijipanga. Mazoezini alitangulia kufika ili goti lipate moto kabla wenzake hawajaingia. Kwa daktari wa klabu alidai ni uchovu wa kawaida. Na kwa siri alikwenda kwa mkandaji mmoja wa zamani, mzee mtaratibu mwenye chumba kidogo nyuma ya duka la dawa. Waliojua ukweli walikuwa Mnara, mkewe na mzee huyo, basi.

"Tunyamaze mpaka nitie sahihi," alimwambia mkewe. "Nikishatia sahihi, goti liseme linalotaka."

Mama Pacha alikubali, kama alivyokuwa amekubali kuhama, kama alivyokubali sikukuu za watoto kupita baba yao akiwa kwenye basi la timu. Si kwamba alikuwa mwanamke wa ndiyo kwa kila jambo. Alikuwa amechoka, na kukubali kulikuwa kwepesi kuliko kubishana.

Yeye alikuwa msimamizi wa zamu kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Watu walishangaa mke wa Mnara anafanya nini huko, naye aliwajibu kwamba mpira hudunda, mashuka hutulia. Chumba chenyewe kilikuwa chini, usawa wa msingi wa jengo, na dirisha lake pekee lilionyesha viatu vya wapita njia. Mashuka yaliteremka kwa toroli yamefungwa mafundo, yakapita kwenye mashine, yakapita kwenye pasi kubwa ya rola, yakatoka yamenyooka kama karatasi. Joto halikuisha na kelele haikukoma, hivyo watu wa kule chini walizoea kupaza sauti hata kwa mambo ya kunong'ona.

Msimu huo ugonjwa wa fantasi ulikuwa umewaingia. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kwenye simu unachagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali, unawafanya timu yako ya kubuni, na lolote wanalofanya uwanjani wikendi, wakifunga, wakitoa pasi, wakidaka ribaundi, linageuka pointi zako. Kila mchezaji ana bei yake ya mchezoni, isiyonunua hata kiberiti, na bei hiyo hupanda watu wakimgombania na huporomoka wakimkimbia. Mmoja unamfanya nahodha, na pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Ligi ya hoteli iliendeshwa na fundi wa boila la maji ya moto, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye alijipa cheo cha katibu bila uchaguzi na kila Jumatatu alibandika msimamo kwenye mlango wa boila, juu kabisa ya tangazo la hatari.

Zamani Mnara alikuwa na bei ya kutisha. Fundi wa boila alipenda kusema kwamba kumchukua Mnara wakati ule ilikuwa kama kuweka mlango wa dhahabu kwenye nyumba isiyo na bati: ukishamnunua huna cha kununulia wengine. Msimu huu bei yake ilikuwa ya kati, na ubishi ukawa mkubwa. Wapo waliosema amekwisha. Wapo waliosema simba mzee si paka.

Kwa Mama Pacha mchezo ule ulikuwa adhabu. Ilipofika Ijumaa, siku ya kufunga timu, watu ambao mwaka mzima hawakujua ngazi ya kushukia chumba cha kufulia walishuka. Dereva wa hoteli, mpishi, mhudumu wa mapokezi mwenye kucha ndefu, wote kwa zamu. "Shemeji anaendeleaje?" Hoteli nzima ilikuwa imegeuka mashemeji wa Mnara. Waliuliza afya ya mumewe kwa huruma ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha yeye hata alipougua mgongo akazimia kwenye mvuke. Naye alijibu, "Mzima." Kila Ijumaa mzima, mzima, mpaka neno likamkauka mdomoni. Na Jumatatu, kama Mnara hakucheza vizuri, walimpita wamenuna kana kwamba yeye ndiye aliyempika vibaya.

Mmoja tu hakuuliza. Huyo alikuwa mwanamke mtu mzima, mkunjaji wa foronya, ambaye wote walimwita Bi Foronya. Yeye na Mama Pacha walikuwa mashoga wa kweli, wa kukopeshana chumvi na kusetiriana machozi. Bi Foronya alimfanya Mnara nahodha wake kila wiki, apande ashuke, na kwa hiyo alishika mkia kila Jumatatu. Fundi wa boila akimtania, alijibu kwamba mume wa shoga yake hamwachi kwa ajili ya karatasi ya mlangoni.

Ikaja Ijumaa moja. Asubuhi hiyo Mnara alisimama kabla goti halijawa tayari, likamsaliti, akaanguka katikati ya kitanda na ukuta. Mtu mrefu akianguka mahali pembamba ni kazi kumtoa. Mama Pacha alivuta mkono, akasukuma mgongo, akashindwa. Mwishowe na yeye aliketi sakafuni kandokando yake, wameegemea ukuta, kama wasafiri waliokosa basi. Mnara alianza kucheka. Alicheka peke yake.

"Miaka miwili tu, Mama Pacha," alisema.

Mkewe alikuwa anafikiria asubuhi zilizomo ndani ya miaka miwili.

Alifika kazini amechelewa. Zamu ilikuwa imeanza, mashuka ya ghorofa za juu yameshatoka kwenye rola, na Bi Foronya alikuwa amesimama na shuka kubwa akingoja mtu wa kushika upande wa pili. Mama Pacha alishika. Walikunja kama walivyokunja maelfu kabla ya hapo: wanyooshe, wapige, wasogeleane mpaka pembe zikutane. Bi Foronya alimtazama usoni, akaona macho.

"Shoga, mimi siyo kama wale," alisema, safari hii kwa sauti ya chini kweli. "Lakini leo nitakuuliza. Nahodha wangu, nimweke au nimtoe?"

Pembe za shuka zilikutana. Mama Pacha alimkabidhi upande wake.

"Mtoe," alisema.

"Wiki hii tu?"

"Mtoe kabisa."

Bi Foronya hakuuliza tena. Aliweka shuka juu ya fungu, akachukua jingine. Kwa haki ya Mungu hakumwambia mtu. Hilo baadaye lilithibitika. Alichofanya ni kuingia kwenye simu wakati wa mapumziko na kubadili nahodha. Lakini fundi wa boila, ambaye alizichungulia timu za wenzake kuliko alivyouchungulia mtambo wake, aliona. Akajiuliza: huyu mama aliyekuwa radhi kushika mkia msimu mzima kwa ajili ya shoga yake, leo amemwacha kwa nini? Hesabu haikumchukua muda. Alimtoa Mnara kwenye timu yake, akaandika sababu kwenye kundi lao la simu, na kwenye kundi hilo walikuwemo watu wa nje ya hoteli. Kufikia jioni habari ilikuwa kwenye ukurasa mmoja wenye wafuasi tele, imeandikwa kwamba watu wa karibu na familia wanamkimbia Mnara. Kabla timu hazijafungwa usiku huo, bei ilianguka kuliko ilivyowahi kuanguka bei ya mtu yeyote msimu ule.

Jambo la kuchekesha, kama kuna la kuchekesha, ni kwamba Jumapili Mnara alicheza kama kijana. Mkandaji alikuwa amemshughulikia vilivyo, goti likapata moto mapema, na akadaka mipira mpaka watazamaji wa timu pinzani wakampigia makofi. Wote waliomwacha walilia. Jumatatu Bi Foronya alikuwa mkiani vilevile, safari hii bila hata sababu ya kujivunia.

Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Meneja wa klabu naye alikuwa na timu yake ya fantasi, kama nusu ya mji, na Mnara alikuwemo. Aliona bei inaporomoka, akafuatilia kisa, akasoma yale ya watu wa karibu na familia. Jumatatu hiyohiyo alimwita ofisini. Alimpongeza kwa mchezo wa jana, akamkaribisha kiti, akamweleza kwa adabu kwamba mkataba utangoja kidogo. Kwanza aende akapigwe picha ya goti kwenye hospitali ambayo klabu itaichagua.

Mnara alirudi nyumbani mchana, uso umemwiva. Mama Pacha alikuwa amerudi kutoka zamu ya asubuhi, yuko jikoni anasugua sufuria. Alisimuliwa yote akiwa ameipa sinki uso. Alisikia mumewe akitembea huku na huku sebuleni, hatua moja nzito, moja nyepesi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mnara alisema. "Tulikuwa watatu. Mimi sijasema. Wewe hujasema. Nani amebaki?"

Kabla hajajibiwa, alikuwa ameshapiga simu. Alimpigia mkandaji, akaiweka simu mezani kwa sauti ya nje, na akamshushia yule mzee maneno ambayo mkewe hakuwahi kumsikia akimwambia hata mwamuzi. Kwamba ameuza siri ya mgonjwa. Kwamba amemla miaka miwili ya maisha. Kwamba asimwone tena akimwamkia njiani. Mzee hakumkatiza. Alingoja mpaka pumzi ikamwishia.

"Mwanangu," alisema, "mikono yangu haina mdomo."

Akakata simu, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto.

Mama Pacha alifunga bomba. Alikuwa amejiahidi kwamba atangoja, kwamba pengine picha itatoka vizuri, mkataba utasainiwa, na neno lake litazama bila kelele. Lakini mzee yule alikuwa akimkanda mumewe bila kuinua sauti hata mara moja, na sasa ametukanwa kama mwizi. Alitoka jikoni na mikono yenye povu.

"Si mzee," alisema. "Ni mimi."

Mnara alimtazama bila kuelewa. Akamuuliza amemwambia nani. Alipojibiwa kwamba ni Bi Foronya, kitu kama kicheko kilimtoka.

"Yule anayeshika mkia?"

"Huyohuyo."

Aliketi kitini, goti halikumruhusu kuendelea kusimama. Halafu akauliza swali ambalo Mama Pacha alikuwa amejiuliza mwenyewe tangu Ijumaa, kwenye basi, kwenye mvuke, na kila mahali alipokuwa peke yake.

"Neno hilo, lilikutoka au ulilitoa?"

Angeweza kusema lilimtoka. Watu hutokwa na maneno kila siku na dunia haiwanyongi. Lakini alimwona alivyokaa, mguu mmoja umenyooka mbele kama ufagio, na uongo ukamshinda kuubeba.

"Nililitoa," alisema.

Mnara aliinuka kwa kushika kiti, akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka. Mama Pacha alisikia akishuka ngazi, kidato kimoja kimoja. Alikwenda kwa mkandaji, kama alivyokuja kujulishwa baadaye na mzee mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa kile chumba, kichwa kimeinama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, na kwa sababu nyingine. Mzee alimwambia alale kifudifudi, mgongo wake umejikunja wote.

Wiki zilizofuata walikaa nyumba moja kama wapangaji wawili. Mnara alitandika godoro la pacha mmoja sebuleni. Miguu yake ilipita ukingo na visigino vililala kwenye vigae, lakini hakulalamika na mkewe hakuthubutu kumletea mto. Asubuhi alijikanda mwenyewe. Mama Pacha aliacha maji ya moto mlangoni, akaenda kazini, akirudi akakuta beseni limeoshwa na kuinamishwa. Pacha wakipiga simu kutoka shuleni, kila mmoja aliongea nao kwa zamu yake na kwa furaha ya kuazima.

Kazini Bi Foronya alilia, akasema atajitoa kwenye ligi, akasema ni heri angekatwa kidole. Mama Pacha alimjibu kwamba yeye hakufungua kinywa, aliyefungua anajulikana. Fundi wa boila naye alishuka, kofia mkononi, akaanza kueleza kwamba hakujua mambo yangefika kule, kwamba mchezo ni mchezo. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia arudi kwenye boila, maji ya ghorofa ya juu yanapoa. Na yalikuwa yanapoa kweli.

Siku ya majibu ya hospitali Mnara hakumwambia waende wote. Mama Pacha aliomba ruhusa, akaenda, akaketi benchi moja naye akiacha nafasi ya mtu katikati yao. Walipoitwa aliingia nyuma yake. Daktari, mwanamke mwenye miwani aliyezungumza polepole, aliiweka picha kwenye mwanga. Aliwaonyesha mahali ambapo gegedu, ule mto laini unaotenganisha mifupa, ulipaswa kuwepo. Haukuwepo. Mfupa ulikuwa umekalia mfupa. Sindano zipo, alisema, na kwa sindano mtu anaweza kucheza; wapo wanaocheza. Lakini hakutaka kumficha. Akiendelea miaka miwili, magongo atayashika kabla mvi hazijamshika.

"Umekuwa ukicheza na hali hii tangu lini?" aliuliza.

Mnara aliendelea kuangalia picha. Daktari akangoja.

"Tangu msimu uliopita," alisema Mama Pacha. "Mwanzoni mwanzoni."

Daktari aliandika. Mnara alimgeukia mkewe, si kwa hasira, ila kama mtu aliyesikia jina la mji ambao amewahi kuishi.

Klabu haikumtendea ubaya, wala haikumtendea wema mkubwa. Mkataba ulifutwa kabla haujaandikwa. Angemaliza msimu kwa dakika chache kila mchezo, apewe shukrani, na baada ya hapo, kama angependa, kulikuwa na timu ya wanawake iliyohitaji mtu wa kuwafundisha warefu wao. Alisema atafikiri. Kwenye fantasi bei yake ilikuwa imefika sakafuni, na huko sakafuni watu walianza kumchukua tena, maana ni rahisi na anajaza nafasi. Mhudumu wa mapokezi alimsimulia Mama Pacha jambo hilo kama habari njema.

Mazungumzo yenyewe yalikuja Jumapili moja ambayo timu haikuwa na mchezo. Mama Pacha alikuwa anaanua nguo roshani. Mnara alitoka na kiti chake, akaketi, mguu ameuegemeza kwenye ukuta wa roshani. Chini watu walikuwa wanaosha gari.

"Nina hasira bado," alisema.

"Najua."

"Ningetia sahihi."

"Najua."

"Na ningeumia. Hilo najua mimi. Lakini ungeniambia mimi. Mtoe, acha, basi, lolote. Umekwenda kumwambia mkunja foronya, mimi mwenye goti nikalisoma kwenye simu za watu."

Mama Pacha alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kwa wiki nyingi, amelikunja vizuri: kwamba alimwambia kila asubuhi, alimwambia kwa maji na taulo, alimwambia kwa kutazama kabatini. Sasa alipolifungua aliliona lina tundu.

"Kwa mdomo sikukuambia," alisema.

"Hukuniambia."

"Niliogopa utakubali kwa ajili yangu, halafu unichukie maisha yako yote."

Mnara aliwaza juu ya hilo. Chini mtu alimwaga ndoo ya maji, yakatiririka mpaka barabarani.

"Sasa nakuchukia kwa miezi michache tu," alisema. "Si bora?"

Hakutabasamu, na mkewe hakujua kama ni mzaha mpaka aliponyoosha mkono akapokea rundo la nguo, akaanza kukunja. Alikunja vibaya, kama wanaume wengi, na Mama Pacha alimwacha hivyohivyo. Siku chache baadaye godoro lilirudi chumba cha watoto, naye akarudi kitandani. Hakuna aliyelitangaza.

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa wa kawaida. Timu ilikuwa inashindwa kwa tofauti kubwa, kocha alimwingiza robo ya mwisho, na watu walisimama kumpigia makofi kabla hajafanya lolote. Alidaka ribaundi moja. Mama Pacha alikuwa juu kwenye viti vya bei ndogo pamoja na Bi Foronya, ambaye alilia tena na kumaliza leso. Yeye mwenyewe hakulia. Alikuwa anatazama namna mumewe anavyokimbia kurudi nyuma, akihesabu moyoni ni hatua ngapi zimebaki kabla ya filimbi, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa kuvuka barabara.

Msimu mpya ulipoanza, jina lake halikuwemo kwenye orodha ya fantasi. Bi Foronya alipekua mara mbili, akahisi kama amefiwa, halafu akampigia mwenyewe kumuuliza sasa amchukue nani. Mnara alifurahi kuulizwa. Alimtajia wachezaji aliowaheshimu, wale wanaojiweka njiani ili mwenzao apite, wanaomchosha mpinzani mpaka akose, wanaopiga kelele nyuma ili wengine wapangike. Hakuna hata kimoja cha vitu hivyo chenye pointi. Bi Foronya alianza msimu mkiani. Mnara aliona ni aibu yake, akafungua timu yake mwenyewe ili arekebishe mambo, na baada ya mwezi alikuwa wa pili kutoka mwisho. Fundi wa boila alibandika msimamo ule kwa heshima zote, na akatoa nakala ya kukaa nayo.

Kazi ya timu ya wanawake aliikubali. Haikuwa furaha, angalau si mwanzoni. Alirudi nyumbani kimya, akasema hawajui kusimama, akasema ukumbi unavuja. Zipo jioni alizokaa akitazama michezo ya zamani kwenye simu, bila sauti, na Mama Pacha alijua asimsogelee. Zipo jioni ambazo hasira ilirudi bila kubisha hodi, kwa sababu ya kitu kidogo kama chumvi au funguo, na wote wawili walijua kwamba si chumvi wala funguo. Walingoja ipite. Ilipita, kwa kawaida.

Siku moja Mama Pacha alimaliza zamu mbili mfululizo kwa sababu wenzake waliugua, na badala ya kupanda basi moja kwa moja hadi nyumbani, alishukia ukumbini. Mazoezi yalikuwa yanaendelea. Mnara alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja, anamkemea msichana mmoja mrefu kwa kutotumia viwiko. Mama Pacha aliketi benchi la nyuma, akaegemeza kichwa ukutani. Alisikia viatu vikilia sakafuni, akasikia sauti ya mumewe, halafu akasikia kwa mbali, halafu hakusikia. Msichana yule mrefu alimfunika na koti lake la mazoezi.

Mazoezi yalipokwisha, wachezaji waliaga, wakaondoka. Mnara alikuja kumwamsha. Alimtazama, akaona vidole vyake vilivyobabuka kwa sabuni, akaona mdomo ulioachama kidogo. Akaketi kando yake kwa kujishusha polepole, goti limenyooka, akasema moyoni kwamba atamwacha apumzike dakika chache kisha waende. Mlinzi wa ukumbi alipokuja kufunga aliwakuta wote wawili wamelala wameketi, bega kwa bega. Alizima taa za upande wa pili, akawaachia za upande wao, akaenda kuanza kufagia mbali, kwenye korido.